Zohali Nyumba ya 7: Saa 2 ya Makambako Ilivyotaka Kuvunja Uchumba

Kuna binti mmoja wa Makambako ana saluni yake ndogo, si mbali na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Jina lake halina umuhimu hapa. Mchumba wake yuko Njombe mjini, kilomita kama 60 hivi ukikata kona ya kwenda Songea, na anahangaika na maparachichi na viazi kulingana na msimu. Barua ya posa ilishapelekwa. Mshenga alishakula kuku. Mahari nusu imelipwa, nusu inasubiri mavuno. Yaani mambo yalikuwa yananyooka kabisa.

Halafu siku moja wifi mtarajiwa, dada wa mchumba, akaingia WhatsApp.

"Wifi yangu, ulizaliwa saa ngapi?"

Binti akajibu bila kufikiria sana: "Saa 2 usiku, tarehe 27 mwezi wa 12, 1999. Hapahapa Makambako."

Baada ya dakika kumi ikaja picha. Duara kubwa limekatwa vipande 12 kama pizza, ndani kuna alama za ajabu ajabu, na wifi amezungushia kimoja kwa rangi nyekundu. Chini kaandika: "Zohali iko nyumba ya 7. Nyumba ya ndoa. Hii siyo nzuri wifi, Zohali ni ya kuchelewesha na kuvunja. Kaka nimeshamwambia."

Usiku ule binti hakulala. Na kaka naye, ambaye hajawahi kusoma mambo ya nyota hata kwenye gazeti la kufungia maandazi, akaanza kujibu meseji kwa neno moja moja. "Sawa." "Poa." "Tutaongea." Kama ushawahi kuwa kwenye mapenzi unajua hayo maneno yanamaanisha nini.

Sasa, hizi nyumba 12 zilitoka wapi mpaka zikawa na nguvu ya kusimamisha mahari Njombe? Hiyo stori ina zaidi ya miaka 2000.

NYOTA NI KITU KIMOJA, NYUMBA NI KINGINE

Watu wengi wanajua nyota zao. Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Ukijua tarehe ya kuzaliwa tu, nyota unayo. Aliyezaliwa Desemba 27 ni Mbuzi, awe amezaliwa asubuhi, mchana au usiku wa manane.

Nyumba siyo hivyo. Nyumba hazitoki kwenye tarehe, zinatoka kwenye saa na mahali. Fikiria umesimama uwanjani Makambako, umeangalia anga. Mashariki ndipo jua na sayari zinapochomoza, magharibi ndipo zinapozama. Wanajimu walilikata anga lote, la juu unaloliona na la chini ya miguu yako usiloliona, vipande 12. Kipande kilicho chini kidogo ya upeo wa mashariki, kinachokaribia kuchomoza, ndiyo nyumba ya 1. Kutoka hapo unahesabu kushuka chini ya ardhi, unatokea magharibi, unapanda juu utosini, mpaka unarudi mashariki kwenye nyumba ya 12.

Kila nyumba ikapewa kazi yake. Ya 1 ni mwili wako na wewe mwenyewe. Ya 2 mali. Ya 3 ndugu. Ya 4 wazazi na nyumbani. Ya 5 watoto na raha. Ya 6 magonjwa. Ya 7, pale magharibi jua linapozamia, ni ndoa. Ya 8 kifo. Ya 9 safari na dini. Ya 10, pale juu karibu na utosi, ni kazi na heshima. Ya 11 marafiki. Ya 12 maadui na kifungo.

Dunia inazunguka, kwa hiyo anga lote linapita kwenye hizo nyumba ndani ya saa 24. Sayari moja inakaa kwenye nyumba moja kama saa 2 hivi, halafu inahamia nyingine. Upeo wa mashariki unasogea digrii moja kila dakika 4 hivi. Ndiyo maana wanajimu wanang'ang'ania saa ya kuzaliwa. Bila saa hakuna nyumba. Chati ya nyumba ni saa ya ukutani, ila mishale yake ni sayari.

ALIYEANZISHA HAKUWA MZUNGU WA ULAYA

Watu wanaita huu unajimu wa Kimagharibi. Lakini ulipoanzia ni Iraki na Misri.

Watu wa Babeli, Iraki ya leo, ndio waliogawa njia ya jua mafungu 12 sawa. Chati ya kuzaliwa ya zamani kuliko zote zilizopatikana ni ya kwao, ya mwaka 410 kabla ya Kristo, imeandikwa kwenye kibao cha udongo. Inataja Mwezi na sayari zilikuwa kwenye nyota gani. Nyumba haina hata moja.

Wamisri wao walikuwa na desturi yao ya kupima saa za usiku kwa makundi 36 ya nyota, moja likichomoza baada ya jingine. Kila kundi likichomoza makuhani wanajua usiku umefika wapi.

Hivi viwili vikakutana Misri, kwenye zama ambazo nchi ilitawaliwa na ukoo wenye asili ya Kigiriki na jiji kubwa likiwa Aleksandria. Kuanzia karne ya 2 hivi kabla ya Kristo, mwanajimu hakuuliza tu "mtoto kazaliwa siku gani?" akaanza kuuliza "saa ile anazaliwa, nini kilikuwa kinachomoza?" Ile sehemu inayochomoza wakaiita kwa Kigiriki horoskopos, maana yake mtazama saa. Neno horoskopu linalotumika leo dunia nzima limetoka hapo. Yaani kwenye jina lenyewe kuna saa.

Na majina ya mwanzo ya nyumba hayakuwa ya kubembeleza. Ya 6 iliitwa Bahati Mbaya, na humo waliweka magonjwa na watumwa. Ya 12 iliitwa Pepo Mbaya. Ya 11, Pepo Mwema. Hao walikuwa watu wa dunia yenye utumwa, magereza ya giza na vifo vya kila siku, na nyumba zao zilifanana na maisha yao.

BAGHDAD, HALAFU PWANI YETU

Roma ilipodondoka, elimu hii ilipungua sana Ulaya ya Magharibi, lakini mashariki iliendelea. Mwaka 762 khalifa al-Mansur alipotaka kujenga Baghdad aliwaita wanajimu, miongoni mwao Nawbakht na Mashaallah, wamchagulie saa nzuri ya kuanza ujenzi. Chati ya saa ile ilihifadhiwa baadaye na mwanazuoni al-Biruni. Jiji zima likapewa nyumba 12 kama mtoto mchanga.

Waarabu waliita kila kipande bayt, yaani nyumba. Vitabu vyao, hasa vya Abu Ma'shar wa karne ya 9, vilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 12 na Ulaya ikajifunza upya. Kwa hiyo Mzungu anayekuuzia chati leo mtandaoni ana deni Baghdad.

Elimu hiyohiyo ilikuja pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, pamoja na maneno yake. Falaki, unajimu, mnajimu, buruji, Zohali, Zuhura, Mshtarii: yote yana asili ya Kiarabu. Mtoto wa shule ya msingi Njombe anayekariri majina ya sayari anatamka maneno yaliyovuka bahari na wanajimu na manahodha. Kwenye pwani falaki ilikuwa na kazi nyingi, kuanzia kuhesabu siku za mwaka mpaka kujua lini pepo za kusi na kaskazi zinageuka.

Na kuna neno jingine ambalo kila Mtanzania analijua hata kama hajawahi kuiona bahari: ramli. Kwa Kiarabu raml ni mchanga. Mpiga ramli anachora nukta kwenye mchanga, zinazaa maumbo, na maumbo yanapangwa kwenye nafasi. Nafasi 12 za kwanza zinabeba maana zilezile za nyumba za nyota: ya 2 mali, ya 7 mke au mume, ya 10 cheo. Ramli ilichukua nyumba, ikaacha anga. Hakuna haja ya kujua saa wala sayari, mchanga unatosha.

Kwa hiyo siyo kweli kwamba nyumba 12 zimeletwa Tanzania na simu. Zilishafika zamani, zimevaa nguo nyingine.

NJOMBE HAINA UTANI NA RAMLI

Hapa inabidi kwenda polepole. Tanzania ina Sheria ya Uchawi toka mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na mpaka leo viongozi kila mara wanapiga marufuku kile wanachokiita ramli chonganishi. Yaani ramli inayomwambia mtu: adui yako ni jirani, aliyekuloga ni shangazi, anayekuzuia kupata ni mke wako.

Mkoa wa Njombe unajua uzito wa hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa mzima ulitikiswa na mauaji ya watoto, na viongozi wa serikali waliyahusisha na imani za kishirikina za kusaka utajiri. Wazazi walikuwa wanaogopa kuwaacha watoto waende shule peke yao. Hakuna anayesema chati ya nyota na unyama ule ni kitu kimoja. Hapana. Ila watu wa huko wameshaona neno la mtu anayedai kujua siri linavyoweza kufika mbali. Kwa hiyo kama umemtumia mtu duara lenye alama nyekundu na kumwambia ndoa yake imekufa kabla haijaanza, usishangae asilale.

GAZETI LILIFUTA NYUMBA

Kama nyumba ni za zamani hivyo, mbona kwenye magazeti ya kina baba na kina mama hazikuwepo?

Jibu ni biashara. Agosti 1930 gazeti la Sunday Express la London lilimpa mnajimu R. H. Naylor nafasi ya kuandika kuhusu nyota za binti wa kifalme aliyekuwa amezaliwa siku chache nyuma, Margaret. Wasomaji wakapenda, wakataka na wao wasomewe. Tatizo: gazeti haliwezi kumuuliza kila msomaji saa aliyozaliwa. Suluhisho ambalo magazeti yalifikia ni kuangalia Jua tu. Tarehe inatosha, watu wote duniani wanaingia kwenye vikapu 12, kila kikapu sentensi mbili tatu. Nyumba za mtu binafsi zikatupwa nje.

Mtindo huo ukasambaa dunia nzima, na Tanzania nayo ikaupokea. Hapa jina kubwa kuliko yote lilikuwa Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011. Watu wa kizazi cha juu kidogo wanakumbuka utabiri wake ulivyokuwa unasubiriwa na kubishaniwa, kuanzia mpira mpaka siasa. Kwa msomaji wa kawaida nyota ilikuwa aya moja ya kusoma kwenye daladala halafu unasahau.

Kuna mabadiliko mengine ambayo wengi hawayajui. Uingereza kulikuwa na mnajimu anaitwa Alan Leo. Mwaka 1914 alishtakiwa kwa kosa la kupiga bao kwa malipo, akachomoka. Mwaka 1917 akashtakiwa tena, safari hii akapigwa faini, na wiki chache baadaye akafariki. Utetezi wake ulikuwa kwamba yeye hatabiri matukio, anaeleza tabia na mielekeo ya mtu. Wanajimu waliofuata wakashika njia hiyo. Taratibu nyumba zikalainishwa. Ya 6, ya watumwa na magonjwa, ikawa ya afya na ratiba ya kila siku. Ya 8, ya kifo, ikawa ya mabadiliko ya ndani. Ya 12, ya kifungo, ikawa ya tafakari. Ukiona leo mtu anaposti "nyumba ya 8 ni kuzaliwa upya", jua chini ya hiyo rangi mpya kuna jeneza la zamani.

SIMU IMERUDISHA, ILA IMESAHAU KITU KIMOJA

Kukokotoa nyumba kwa mkono ni kazi. Unahitaji jedwali la sayari, jedwali la nyumba, latitudo, longitudo na hesabu za kutosha kukuumiza kichwa. Kompyuta inafanya yote kabla hujapepesa macho. Ndiyo maana kizazi hiki kimekuwa cha kwanza ambacho mtu wa kawaida kabisa, aliyekaa kwenye basi la Njombe, anaweza kupata chati kamili ya nyumba 12 bure.

Programu inauliza vitu vitatu: tarehe, mahali, saa. Na hapo kwenye saa ndipo wifi alipojikwaa.

Binti alisema saa 2 usiku. Wifi akafungua tovuti ya Kiingereza, akaandika 2:00, akachagua AM kwa sababu ni usiku. Ukiangalia haraka haraka hakuna kosa. Saa 2 ya Kizungu ya AM nayo ni usiku! Ila kwa Kiswahili hiyo ni saa 8 usiku, usiku wa manane, wakati saa 2 usiku ya Makambako ni 8 PM. Programu haijui kuhesabu saa kwa Kiswahili. Inameza inachopewa.

Tofauti yake ni nini? Kwa kuwa tarehe ilibaki ileile, kutoka saa 8 usiku kuamkia tarehe 27 mpaka saa 2 usiku wa tarehe hiyohiyo ni saa 18. Anga limezunguka robo tatu ya mzunguko mzima. Chati moja upeo wake wa mashariki unaangukia Mizani, nyingine unaangukia Kaa.

Sasa ifuate Zohali yenyewe. Tarehe 27 Desemba 1999 Zohali ilikuwa kwenye nyota ya Ng'ombe. Saa 8 usiku, ile ya makosa, ilikuwa inaelekea kuzama magharibi, na kwa hesabu ya programu nyingi hiyo ni nyumba ya 7. Ndoa. Hapo wifi alikuwa anasoma sawasawa kabisa, isipokuwa alikuwa anasoma saa ambayo binti alikuwa bado hajazaliwa.

Saa 2 usiku, ile ya kweli, jua lilikuwa limezama kama saa moja nyuma na Zohali ilikuwa juu kabisa, karibu na utosi upande wa kaskazini. Hiyo ni nyumba ya 10. Kazi na heshima.

Subiri, haijaisha. Programu nyingi zinatumia mfumo wa Placidus, jina la mtawa wa Italia wa karne ya 17. Lakini Wagiriki wa zamani walikuwa na mfumo rahisi zaidi: nyota moja, nyumba moja, basi. Ukiweka saa ya kweli kwenye mfumo huo, Zohali inatoka kwenye kazi inaingia nyumba ya 11, ya marafiki. Ukiweka saa ya makosa, inatua nyumba ya 8. Kifo.

Yaani binti mmoja, usiku mmoja, sayari moja. Ndoa, kazi, marafiki, kifo. Inategemea umebonyeza wapi.

Na kuna visababu vingine vidogo vidogo. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo 45, ambao uko mbali huko mashariki, wakati Makambako iko karibu na 35. Matokeo yake jua la Makambako liko nyuma ya saa ya simu kwa dakika kama 40. Simu ikisema saa 6 kamili mchana, jua bado halijafika katikati. Programu inarekebisha hilo kama umeandika mji sahihi. Ukiikosa Makambako kwenye orodha ukachagua Dar kwa sababu "si Tanzania hiyohiyo", umeshaongeza kosa la dakika kama 18, ambayo ni zaidi ya digrii 4 za upeo.

Kwa wanaotaka kujua kama nyumba zina ukweli hata saa ikiwa sahihi: mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio la mtafiti Shawn Carlson. Wanajimu wazoefu walipewa chati za watu halisi pamoja na maelezo ya tabia, wakaambiwa waoanishe. Matokeo yao hayakuwa bora kuliko mtu anayebahatisha.

SAA YA MAMA

Aliyegundua kosa hakuwa mtaalamu. Alikuwa mama wa binti.

Siku ya tatu bila usingizi binti alikwenda nyumbani, akakaa jikoni kwenye joto la moto, maana baridi ya huko si unaijua, akauliza: "Mama, hivi mimi nilizaliwa saa ngapi kweli?"

"Saa 2 usiku, mwanangu. Mbona nilishakuambia."

"Una uhakika? Isije ikawa usiku wa manane?"

Mama akacheka. "Usiku wa manane wapi! Taarifa ya habari ilikuwa ndiyo inaanza. Nesi alikuwa na redio yake ya mkulima, mwenzake akamwambia apunguze sauti mtoto anatoka. Baba yako alikuwa nje na mwavuli, mvua ile ya Desemba. Watu wote wanaongelea mwaka 2000, kwamba dunia inaisha. Nikasema mbona yangu ndiyo inaanza."

Binti hakuwahi kuisikia hiyo. Miaka yote alijua saa tu, hakujua redio wala mwavuli.

Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ya Redio Tanzania. Nchi nzima ilikuwa inaijua, watu walikuwa wanarekebishia saa zao hapo. Huo ndio ushahidi, na una nguvu kuliko kumbukumbu ya "ilikuwa usiku usiku hivi". Binti akamtumia wifi sauti ya mama yake kama ilivyo, na kicheko ndani yake. Wifi akarudi kwenye ile tovuti, akabadilisha, akakaa kimya muda. Halafu akaandika: "Wifi nisamehe. Niliandika saa ya Kizungu. Kumbe wewe ni mchapakazi tu."

Ila hata hiyo ya "mchapakazi" binti hakuichukua. Alijibu kwamba asubuhi anafungua saluni saa 1, hilo halihitaji Zohali.

Mchumba naye alipigiwa simu na baba yake mzazi, na hayo waliyoongea yamebaki kwao. Kinachojulikana ni kwamba mavuno yalipokuja, nusu ya mahari iliyobaki ilipanda basi la kwenda Makambako.

Kuna jambo moja la kuchekesha kwenye historia hii yote. Wale watu wa Aleksandria waliobuni nyumba 12 hawakuhesabu saa kuanzia usiku wa manane kama simu inavyofanya. Walihesabu saa 12 za mchana tangu jua linapochomoza, na saa 12 za usiku tangu linapozama. Chati zao zilizopatikana kwenye karatasi za mafunjo huko Misri zimeandikwa hivyo: saa fulani ya mchana, saa fulani ya usiku. Kama kweli mmoja wao angeambiwa mtoto kazaliwa "saa 2 usiku", asingehitaji kuuliza AM au PM. Angetoka nje, angeangalia juu, angeiona Zohali ilipo. Hesabu ya saa ya mama wa Makambako iko karibu na ya wale wenye elimu yao kuliko tovuti iliyotaka kumvunjia bintiye uchumba.

Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu duara lenye wino mwekundu, jiulize: saa hiyo umeipata kwa nani? Na wewe mwenyewe, unajua ulizaliwa saa ngapi? Siyo tarehe, saa. Kama mama yupo, mpigie leo umuulize, na usimkatishe akianza kueleza mvua. Halafu rudi hapa udondoshe maoni: alikumbuka kwa redio, kwa adhana, kwa jogoo, au kwa treni ya TAZARA?